Athari Yajulikana, Chanzo Hakijulikani: Mtafutaji wa Kweli Afanye Nini?

Husemwa kwamba panapofuka moshi hapakosi moto, na hakuna mwenye akili timamu anayelikataa neno hilo. Lakini yafaa tuangalie kwa makini ni jambo gani hasa linalothibitishwa na moshi. Unathibitisha kuwa moto upo. Hauthibitishi ni moto wa jikoni au wa msituni, wala hausemi ni nani aliyeuwasha, na kama upepo unavuma huenda usionyeshe hata upande uliko. Watu wengi huzichanganya hatua hizi. Wakishaiona athari hudhani wamekwisha kukijua chanzo, na wakishindwa kukijua chanzo hujipa ruhusa ya kutaja chochote wakipendacho.

Mkazi wa Kilakala hana taabu kubwa katika mambo ya vyanzo. Aonapo maji ya mto yakishuka mjini Morogoro, anajua kwamba akiufuata mto huo kuelekea juu, hatua kwa hatua, ataingia katika milima ya Uluguru na mwisho ataifikia chemchemi. Hata mtu wa Dar es Salaam anayekunywa maji ya mto Ruvu anaweza, akiwa na miguu na subira, kuifuata njia ile mpaka katika milima hiyo hiyo. Mto huacha njia yake ardhini, na njia hiyo ni shahidi. Lakini zipo athari nyingine zinazotufikia kutoka mbali bila kuacha njia yoyote nyuma yake, na katika hizo ndimo akili na uaminifu wa mtafutaji hupimwa.

Mfano mmojawapo ni miali ya kosmiki. Ndugu msomaji, unyooshe kiganja chako sasa hivi. Kwa wastani, kila sekunde chembe moja hivi hukipenya na kwenda zake, usiku na mchana, wala huisikii. Chembe hizo ni watoto wa chembe nyingine zilizotoka nje ya dunia, zikagonga hewa ya juu na kuvunjikavunjika. Aliyeonyesha hivyo ni Victor Hess wa Austria. Tarehe 7 Agosti 1912 alipanda kwa puto mpaka kimo cha mita 5,300 hivi, yaani chini kidogo ya kilele cha Kilimanjaro, akiwa na vyombo vya kupimia umeme wa hewa. Wataalamu wengi wa zamani zile waliamini kwamba mionzi iliyokuwa ikigunduliwa na vyombo hivyo ilitoka ardhini, katika mawe. Kama ingekuwa hivyo ingepungua kadiri mtu apandavyo. Hess aliona inaongezeka. Na kwa kuwa mwezi Aprili mwaka ule ule alikuwa amepanda wakati wa kupatwa kwa jua asione upungufu wowote, alisema kwamba wala jua silo chanzo kikuu. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Angalia alivyofanya. Alisema mionzi inatoka juu, akasema haitoki hasa katika jua, akaishia hapo. Hakuongeza jina la chanzo ambacho hakukiona.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa katika nchi ya jirani zetu, ingawa vitabu vingi vya shule havitaji jambo hili. Mwaka 1933 mwanafizikia Bruno Rossi wa Italia alipeleka vyombo vyake Asmara, Eritrea, mji ulio kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,300, kinachopita kimo cha Lupanga inayoutazama mji wa Morogoro. Eritrea wakati huo ilikuwa koloni la Italia, na bila shaka hakuna mwenyeji wa Asmara aliyeulizwa kama anapenda mlima wake utumike. Rossi aliichagua kwa sababu mbili: ni juu, tena ni karibu na ikweta, ambako nguvu ya sumaku ya dunia huzichuja chembe kwa namna iliyo bayana zaidi. Chembe yenye chaji ya umeme ikipita katika sumaku hupindishwa. Yenye chaji chanya hupinda upande mmoja, yenye chaji hasi upande wa pili. Rossi alikuwa amekwisha kutabiri mwaka 1930 kwamba kama miali ina chaji ya aina moja, basi mashariki na magharibi hazitakuwa sawa. Huko Asmara alikuta ile itokayo magharibi ikizidi ile itokayo mashariki kwa karibu robo. Kwa hiyo chembe hizo zilikuwa na chaji chanya. Watafiti wa Kiamerika walikuwa wamemtangulia kwa miezi michache tu kupata jawabu hilo hilo huko Mexico, naye hakulificha jambo hilo.

Lakini Asmara ilimpa jambo la pili ambalo hakulitafuta. Alikuwa na mtambo alioubuni mwenyewe, ambao hauandiki kitu ila pale vihesabio kadhaa vinapoguswa kwa wakati mmoja. Kihesabio kimoja peke yake huweza kudanganya, lakini vitatu vilivyowekwa mbalimbali vikisema neno moja katika sehemu ndogo sana ya sekunde, ni vigumu kuvikataa. Basi akaona kwamba mara kwa mara vihesabio vilivyotengana, ambavyo chembe moja haiwezi kuvipitia vyote, viliguswa pamoja, kana kwamba manyunyu mapana ya chembe yameanguka kwa mpigo mmoja. Aliandika habari hiyo na kuonyesha kwamba hakuwa na nafasi ya kuichunguza zaidi. Miaka mitano baadaye Mfaransa Pierre Auger aliichunguza sawasawa, akaonyesha kuwa manyunyu hayo huzaliwa na chembe moja tu iliyogonga angahewa kwa nguvu za ajabu. Jina lililobaki ni la Auger. Rossi mwenyewe, katika mwaka huo huo wa 1938, alifukuzwa kazi na serikali ya kwao kwa sheria za ubaguzi dhidi ya Mayahudi, akahamia nchi za nje.

Sasa tuitazame nguvu yenyewe. Mwaka 1962 John Linsley, wa kundi la watafiti wa Rossi huko Marekani, alipata katika jangwa la New Mexico chembe yenye nguvu ya elektronivolti 1 ikifuatiwa na sifuri 20. Tarehe 15 Oktoba 1991 huko Utah ikaonekana nyingine iliyopita hiyo mara 3. Hesabu hizi hazimwingii mtu akilini, basi tutumie nazi. Nazi ya kilo 1 ikianguka kutoka kimo cha mita 5 humwumiza vibaya aliye chini ya mnazi. Nguvu hiyo yote ilikuwa ndani ya chembe moja isiyoonekana hata kwa darubini kali kuliko zote. Mtambo mkubwa kuliko yote uliojengwa na binadamu kwa kazi ya kukimbiza chembe, ulioko karibu na Geneva, hauifikii. Chembe ile ya Utah iliuzidi kwa zaidi ya mara milioni 40. Ni kitu gani huko angani kinachoweza kurusha hivyo? Hili ndilo swali, na mpaka leo halijajibiwa kwa ukamilifu.

Taabu ni mbili. Kwanza, wajumbe hawa ni wachache mno. Katika kilometa 1 ya mraba huanguka chini ya mmoja kwa miaka 100. Kwa hiyo huko Argentina, karibu na mji wa Malargüe, yamesambazwa matangi zaidi ya 1,600, kila moja likiwa na lita 12,000 za maji safi, katika eneo la kilometa za mraba 3,000. Manyunyu yapitapo ndani ya maji hutoa mmemeko hafifu wa nuru, na mmemeko huo ndio unaohesabiwa. Taabu ya pili ni kubwa zaidi. Chembe hizi zina chaji, na anga baina ya nyota na baina ya makundi ya nyota imejaa sumaku hafifu. Njiani zimepindishwa mara nyingi. Upande zinakotokea zinapotufikia sio lazima uwe upande zilikotoka. Mtu anayenyoosha kidole kuelekea zinakotokea na kusema, "Chanzo kiko pale," amekosea, hata kama macho yake ni mazima.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la wanafizikia peke yao. Katika chuo nilichosomea ng'ambo, walimu wetu wa elimu ya hadithi walitutaabisha miezi mingi kwa swali moja: habari hii imefika kwa mikono ya nani? Hawakuanza kwa kuuliza kama habari ni tamu. Waliuliza kama kila mpokezi alikutana na aliyempokea, kama alikuwa na kumbukumbu njema, na kama alikuwa na haja yake katika jambo analolisimulia. Msimulizi mwenye haja ni kama chembe yenye chaji, kila apitapo penye nguvu ya kumvuta huvutwa. Anaweza asiwe mwongo. Amepinda tu, na habari yake imepinda pamoja naye. Walimu wetu pia walitenganisha habari ya mtu mmoja na habari iliyosimuliwa na wengi kutoka pande nyingi, wasioweza kupatana juu ya uongo. Sidhani kama Rossi aliwahi kuwasoma wanazuoni wa hadithi, lakini mtambo wake wa vihesabio uliifuata kanuni ile ile. Ni sharti liwekwalo na ukweli wenyewe kwa kila anayeutafuta, awe msikitini au maabarani.

Tena wako wajumbe wasio na chaji. Nuru ni mmoja wao, na eksirei ni jamaa ya nuru. Hao huja moja kwa moja, na ukiwaona unajua walikotoka. Lakini eksirei za angani humezwa na hewa kabla ya kufika chini, hivyo shahidi mnyofu alikuwa akizuiwa mlangoni. Ndipo tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, Wataliano wakairushia Marekani setilaiti ndogo kutoka katika jukwaa lao la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, akaiita kwa neno la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kupima eksirei za anga peke yake. Kabla ya kunyamaza mwaka 1973 ilikuwa imekusanya habari zilizotoa orodha ya vyanzo 339, na mojawapo, kiitwacho Cygnus X-1, kilisaidia kuwaaminisha wataalamu kwamba mashimo meusi si hesabu za karatasini tu. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, na ambaye aliingizwa katika utafiti wa eksirei kwa shauri la yule yule Rossi wa Asmara, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mvuvi wa Malindi aliyeuona moto ule ukipanda alishuhudia kazi iliyowaonyesha wanadamu baadhi ya mahali angani penye nguvu za kutisha. Kama hapo ndipo zinapotoka zile chembe zenye nguvu kuliko zote, hilo ni swali jingine, na haifai mtu alijibu kabla ya wakati.

Naandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea Kilakala. Kijana mmoja aliyekwisha maliza masomo ya sekondari alikuwa ameingia katika dini kwa hoja aliyoisikia kwa mhubiri mmoja kiwanjani. Mhubiri alisema kwamba wataalamu, pamoja na mitambo yao yote, wameshindwa kujua miali hii inatoka wapi, na kwa kuwa wameshindwa, basi yatoka moja kwa moja katika kiti cha enzi cha Mwenyezi Mungu. Kijana alifurahi mno. Aliirudia hoja hiyo nyumbani, akagombana na baba yake kwa ajili yake, na kwa muda walikuwa hawali pamoja. Halafu akasoma habari ya mwaka 2017. Watafiti wa Argentina, baada ya kuchunguza chembe zaidi ya 30,000 zenye nguvu kubwa sana, walikuwa wamegundua kwamba upande mmoja wa mbingu hutoa nyingi kidogo kuliko upande wa pili, tena upande huo uko mbali na kitovu cha galaksi yetu. Kwa hiyo zinatoka nje ya galaksi hii. Baba yake aliposikia alicheka akasema, "Haya mwanangu, kumbe Mungu wako wamemwona Waargentina." Kijana akanijia, akaamkia, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwalimu, nimeamini nini mimi?"

Sikumwambia kwamba watafiti wamekosea, kwa kuwa sina sababu ya kusema hivyo. Nilimwambia kwamba mhubiri alimjengea nyumba katika kiwanja cha kukodi. Anayesema, "Hawajui, kwa hiyo ni Mungu," anamfanya Mungu kuwa mpangaji wa ujinga wa watu, na kila elimu iongezekapo chumba chake hupunguzwa. Wazee wetu wa zamani wa Uluguru walipoona mvua imechelewa nao hawajui sababu, walipanda kwenda pangoni kwa Kolelo. Tusiwacheke, kwani mhubiri wa kiwanjani alifanya jambo lile lile kwa maneno ya kisasa, tena bila taabu ya kupanda mlima. Yule anayemwamini Muumba anamwamini kuwa Muumba wa vyote, vinavyojulikana na visivyojulikana. Kugunduliwa kwa chemchemi ya mto hakukumwondoa aliyeyaumba maji.

Lakini hata baba mtu hakushinda. Yeye naye aliamini kwamba kitu kikijulikana kinatokea wapi, maswali yake yote yamekwisha. Kujua kwamba chembe imetoka nje ya galaksi yetu si sawa na kujua ni nini kilichoirusha, na kujua kilichoirusha, siku tukikijua, si sawa na kujua kwa nini kuna ulimwengu wenye kanuni zinazoweza kufuatwa na akili ya binadamu aliyekaa kando ya tangi la maji. Nilimwomba kijana arudi nyumbani akale na baba yake kwanza. Hoja za miali zingesubiri.

Wanazuoni wa kale walilihesabu neno "sijui" kuwa nusu ya elimu. Nimeona watu wakilitumia vibaya kwa njia mbili. Wako wanaolitumia kama mlango wa kupitishia lolote: hatujui, kwa hiyo laweza kuwa jini, laweza kuwa uchawi, laweza kuwa jambo aliloliota fulani. Na wako wanaolitumia kama mto wa kulalia: hatujui, basi tuache. Wenye kulitumia sawasawa hulifuatisha na kazi. Mwaka 1966 Greisen wa Marekani na, peke yao, Zatsepin na Kuzmin wa Urusi walipiga hesabu wakaonyesha kwamba chembe zenye nguvu hizi haziwezi kutoka mbali kupita kiasi, kwa sababu anga nzima ina mabaki ya nuru hafifu ya kale ambayo huzinyang'anya nguvu njiani. Hawakukijua chanzo, lakini walipunguza mahali pa kukitafuta. Wengine wametaja galaksi zilizo na shimo jeusi kubwa kitovuni, kama Centaurus A, na wengine galaksi zinazozaa nyota kwa wingi. Kila mmoja ana dalili zake, na hakuna aliyemshinda mwenzake kabisa. Tarehe 27 Mei 2021 huko Utah ilinaswa chembe waliyoipa jina Amaterasu, iliyoikaribia kwa nguvu ile ya 1991. Walipoirudisha nyuma kwa hesabu, ilielekea mahali ambapo karibu hapana galaksi, uwanda mtupu wa anga. Magazeti yalipenda sana habari hii. Wanafunzi wa elimu ya hadithi wangetambua kwamba hiyo ni habari ya mpokezi mmoja, nayo ni ya kuhifadhiwa tu, kwani haitoshi kujengea hukumu.

Nimeulizwa pia, tena na watu wenye haki ya kuuliza, kama ni halali kutumia fedha kwa mambo haya na ilhali zahanati hazina dawa. Swali hili silichukulii wepesi. Mimi naona kwamba serikali yenye wagonjwa wasio na dawa haipaswi kuanza kwa matangi 1,600 ya kuhesabia chembe. Lakini haifuati kwamba vijana wetu wasijue jambo hili au wazuiwe kulishiriki. Mtambo wa Rossi wa kulinganisha mashahidi ulibuniwa kwa ajili ya miali tu, na kanuni yake, ya kwamba jibu litolewe pale tu mashahidi wote wanapokubaliana, imo leo ndani ya kila kompyuta. Naye Profesa Abdus Salam, aliyeshiriki tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alianzisha mwaka 1964 huko Trieste, Italia, kituo cha fizikia kwa ajili ya watafiti wa nchi maskini, kwa sababu yeye mwenyewe aliporudi kwao Lahore alikuwa ameonja upweke wa mtu mwenye swali asiye na wa kusemezana naye. Hakungoja umaskini uishe kwanza. Msichana anayesoma leo fizikia katika shule ya sekondari ya Kilakala, chini ya mlima ambao juu yake miali hii huongezeka, anahitaji zaidi kujua kwamba swali liko wazi kuliko kupewa jibu la uongo lililofungwa.

Kijana niliyemtaja bado huja. Swali lake la mwisho lilikuwa jema kuliko yote: ikiwa wajumbe hupindishwa, mtu atajuaje wamepindishwa kiasi gani? Jibu ni kwamba hutegemea chaji. Protoni moja hupinda kidogo, kiini cha atomu kizito kama chuma hupinda zaidi sana, na dalili za Argentina zaonyesha kwamba kadiri nguvu inavyozidi ndivyo viini vinavyokuwa vizito zaidi. Ndiyo maana juu ya yale matangi ya maji vimeongezwa vipimo vipya, ili katika kila manyunyu chembe za namna mbalimbali zihesabiwe mbalimbali, na ijulikane kwanza ni mjumbe wa namna gani aliyefika, kabla ya kumwuliza alikotoka.